Shada la Sikitu

Muuza mashada nje ya geti la chuo alimtazama Sikitu ndani ya joho lake, akacheka.

"Dada, mhitimu hajinunulii shada. Mwite mzazi aje achague."

"Yuko njiani," alisema Sikitu, akalipa.

Ukumbini, baba yake alikuwa amewekewa kiti cha mbele chenye jina lake. Wiki iliyopita alimwambia, "Ukienda kutetea mahabusu huko wilayani ukaiacha kampuni ya mjomba wako, usinihesabu." Sikitu alidhani ni hasira tu, zitapita.

"Tuzo ya Mwanasheria wa Utumishi wa Umma," alitangaza mshereheshaji, "Sikitu Chande! Mzazi apande amvike shada!"

Vigelegele vilipigwa, vikaisha. Kiti cha mbele kilibaki kitupu.

"Mzazi, usione haya, hatukuombi mchango!" Ukumbi ulicheka. Mshereheshaji alipomwona Sikitu usoni, alishusha kipaza sauti. "Nikuvike mimi, mwanangu?"

"Hapana, asante. Hili ni la baba."

Alishuka jukwaani na ngao ya tuzo mkono mmoja, shada mkono mwingine.

Alipofika nyumbani alikuta sanduku lake limeshatolewa nje, limewekwa kibarazani. Mlango ulikuwa umefungwa na redio ya baba ilikuwa ikisema ndani. Hakubisha. Alilitundika shada kwenye kitasa, akalitengeneza likae vizuri, kisha akabeba sanduku kuelekea stendi.

Alikuwa hajalifikia geti la nyumbani redio ilipozimwa. Sikitu alisimama, sanduku mkononi, bila kugeuka.