Anwani Inayosomeka

Picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Mwanamke aliyebaki ndani yake alitazama pembeni, na begani kwake vilikuwepo bado vidole vya mtu aliyeondolewa.

"Huyu ndiye dada yangu," alisema mgeni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayetua yai. "Nimemlilia mpaka macho yamekauka."

Buibui aliinama kuitazama. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya wavuti, na kutwa nzima habanduki kwenye kona yake. Alitunza tovuti ya shirika dogo la kutafuta watu waliopotea. Kuta za chumba zilijaa nyuso. Alikwisha kuzizoea, lakini hakuwahi kuzipa mgongo bila kuhisi zinamtazama kisogoni. Mmoja wa waliobandikwa pale, karibu na swichi ya taa, alikuwa dada yake mwenyewe, aliyetoka kwenda dukani Buibui akiwa hajaanza hata shule.

Ukurasa wa huyu dada wa mgeni ulikuwepo tovutini tangu mwaka uliopita, ila haukuwa umefikiwa na mtu. Buibui aliufungua, akaona sababu. Anwani yake ilikuwa alama ya kuuliza, herufi zisizo na maana, na msururu wa tarakimu.

"Hata mimi nisingeikumbuka," alisema. "Na mitambo ya kutafutia haijui humu ndani kuna nani. Ni kama kaburi lisiloandikwa jina."

"Inarekebishika?"

"Tunaiandika upya kwa maneno ambayo mtu angeyatafuta. Tuanze na jina lake."

Mgeni alitikisa kichwa. "Jina atakuwa amebadilisha. Andika kazi. Ni mshonaji, sindano haimtoki mkononi. Na uandike kovu la shavuni."

"Alilipataje?"

"Alianguka," mgeni alijibu upesi. Kisha akalainisha sauti. "Nilikuwepo. Hospitali nilimpeleka mimi mwenyewe."

Pengine aligonga kichwa pia, Buibui aliwaza, kumbukumbu zikapotea. Alikwisha kusikia mambo kama hayo.

Mkuu wa shirika, mama wa makamo asiyependa papara, alichungulia mlangoni. Mtu yeyote aliweza kujiandikia ukurasa, lakini kabla ya kuusukuma mbele za watu, mama huyu alitaka ndugu wawili waje ana kwa ana.

"Ndugu wa pili yuko wapi?"

"Wazazi ni wazee, mama. Ukiwapigia simu kuhusu hili utawaua kwa presha. Nimebaki mimi."

"Basi tusubiri mwingine," alisema mama, akaenda zake. "Kawia ufike."

Mgeni hakubisha. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Buibui alivumilia, akashindwa. Mama yake naye aliambiwa asubiri. Alisubiri, akazikwa akisubiri.

Akavuta kibodi. Mshonaji, kistari, kovu, kistari, shavuni, kistari, anatafutwa. Maneno mepesi ambayo mtu angeweza kumsomea mwenzake kwenye simu asikosee. Anwani ya zamani akaielekeza kwenye mpya, kichwa cha ukurasa akakilinganisha nayo, na chini ya picha akaweka namba ya mgeni. Ya shirika aliiacha ibaki mwanzo wa tovuti tu, maana mgeni aliomba apigiwe yeye kwanza.

Haikuchukua muda, ukurasa ukapanda. Aliyetafuta mshonaji alikutana na uso ule juu kabisa, kabla ya maduka na vyuo vya ushonaji. Buibui alijikuta akiufungua kila asubuhi kabla hajanywa chai. Yale macho yalimsumbua. Yalitazama pembeni kama yanayopima umbali wa kufika mlangoni. Akamwota mwanamke huyo ameketi, anamshonea dada yake gauni, na kila Buibui alipomwita hakuinua uso.

Kisha mgeni akarudi. Alikuwa amenyoa ndevu, na shati lilinyooshwa likanyooka.

"Amepatikana," alisema. "Mteja wake mmoja alikuwa anatafuta mtu wa kumpunguzia nguo, akakutana na picha. Amenielekeza mpaka mtaa, mpaka rangi ya mlango."

Alimshika Buibui mkono kwa viganja vyote viwili, akachelewa kuuachia. "Hujui ulichonifanyia. Naenda leo hii."

Buibui alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Aliporudi, chumba kilimpokea kwa ukimya wa ajabu, kama watu waliokatiza mazungumzo mtu alipoingia. Akaibandua ukutani picha ya mwanamke, aliyoibandika siku ile ya kwanza, kama walivyofanya kwa waliopatikana, akaishika kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, aliweza kuitazama picha ya dada yake bila kuinamisha kichwa.

Simu ya ofisi iliita mchana huohuo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini sana, na nyuma yake cherehani ilinguruma.

"Ninyi ndio mnaoweka picha za watu? Yangu ipo huko. Mteja ameniambia. Naomba muitoe."

Buibui aliikaza simu sikioni. "Wewe ndiye mshonaji?"

"Itoeni sasa hivi, tafadhali."

"Tulia, dada," alisema, akitabasamu huku machozi yakimlengalenga. "Mambo yamekwisha. Kaka yako yuko njiani, anakuja huko kwako."

Cherehani ikanyamaza.

"Kaka yangu ndiye huyu niliyekaa naye hapa," mwanamke alisema. "Ndiye aliyenisaidia kutoroka."