Shogi la Mzee Punda

Hekaya hii wengi huiharibu. Ipokeeni kwangu ikiwa nzima.

Korongo, mkuu wa mazoezi ya viungo katika nyumba ya wanyama wazee, aliamuru wazee waachane na mizigo. Shogi la Punda, lile kapu lake la mgongoni, likatupwa jalalani. Tangu hapo Punda hakuinuka.

"Inua mguu kama mimi, mzee wangu!" Korongo alisimama kwa mguu mmoja, kwa maringo.

"Mkuu, miguu yangu haijazoea kutembea bure."

"Basi kesho unahamia zizi la wasioinuka."

Zizi lile, aliyeingia hakutoka. Punda akakumbuka asubuhi za shambani, viazi vibichi vikimgusa ubavuni, watoto wakimwimbia njiani.

"Nipe shogi langu, nihame nalo."

Korongo akaliokota, akamtwika. Lilipomgusa mgongo tu, Punda akasimama, akaenda moja kwa moja hadi shamba la viazi. Pale akagoma.

"Haya, turudi!" Korongo alihema nyuma yake.

"Mimi nirudi mtupu? Lini uliona? Jaza kwanza."

Mkuu mzima akainama, akaanza kufukua viazi kwa mdomo. Punda akafumba macho. Harufu ya udongo ilikuwa ileile.