Mpini Usio na Alama ya Kisu

Kisu kiliteleza tena, kikamkata Namegabe kidole gumba. Akainyonya damu upesi isije ikadondokea mti wa mpini.

"Baba Divin, funga hicho kidole," mkewe Esperance alisema.

"Apana. Wakiona kitambaa huko dukani watajua ni kazi ya kisu."

Kwao Bukavu alikuwa na mashine ya kukereza mbao. Aliiacha siku walipoikimbia vita. Hapa ukimbizini Cibitoke alibaki na kisu, kipande cha chupa na msasa uliochakaa. Na habari ilikuwa imemfikia kwa kusikia tu: Madame Saliha wa Kinindo, mtaa wa matajiri, mwenye duka la vifaa vya kunyolea, anatafuta fundi wa mipini ya brashi za ndevu. Kila fundi apeleke mpini mmoja. Atakayempendeza ataajiriwa.

"Ukikosa hii, kesho mi narudi na watoto," Esperance alisema bila hasira. "Kule kuna risasi. Lakini kuna mama yangu na shamba lake."

Namegabe aliuchonga ule mti ukawa na pembe nne, kisha nane, kisha pembe zisizohesabika. Akaparuza kwa chupa. Akauviringisha mpini juu ya kioo aone kama umekaa sawa, ukayumba.

"Unatembea kama mulevi," Esperance alisema.

Jirani yao Marcellin alichungulia mlangoni, akaangua kicheko. "We Mukongomani! Watu wa Kinindo na vitu vya kisu, wapi na wapi?"

Namegabe akaparuza tena. Viganja vilichubuka, naye akaendelea kusugua, akipuliza vumbi, akipapasa kwa ulimi pale ambapo vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Mchana, mpini uliviringika juu ya kioo bila kuyumba. Haukuwa na alama hata moja ya kisu. Esperance aliushika, akaugeuza. Kisha akaenda kufungua mizigo aliyokwisha kuifunga.

Dukani Kinindo, Namegabe aliuweka mpini mezani, mikono akairudisha haraka mifukoni. Madame Saliha aliunyanyua, akaunusa, akaupitisha shavuni.

"Mashallah! Kazi safi kabisa, Papa. Hii umekereza kwa mashine?"

Moyo wa Namegabe uliruka kwa furaha.

"Ndiyo, Madame. Mashine ya kisasa. Kisu hakikugusa hata kidogo."

Madame Saliha aliutazama mpini kwa mara ya mwisho, akamrudishia taratibu.

"Pole, Papa. Ya mashine imejaa huko stoo, hainunuliwi. Mi nilikuwa natafuta mutu wa kisu." Akamsindikiza hadi mlangoni. "Lakini asante sana. Tangu asubuhi mafundi wananidanganya tu hapa, eti yote ni ya kisu. We peke yako umeniambia ukweli."