Taa za Motakaa ya Luteni

Komeo lilishushwa kwa nje, na Mwinjuma akabaki bandani peke yake na motakaa.

Alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu wa Mafiga, na gari lile alikwisha kulitengeneza mara nyingi hata hakumbuki. Lilikuwa limezeeka, lakini injini bado ilinguruma. Kilichokufa ni taa za mbele, zote mbili, tangu jana.

Waingereza walikuwa karibu kuingia Morogoro. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanauhama mji, wanakimbilia milimani kwa njia ya Matombo, na walisafiri gizani tu, maana mchana ndege za Waingereza ziliwatupia mabomu. Motakaa isiyo na taa ingetumbukia korongoni kabla ya kona ya tatu.

Kapteni wao alitoa amri asubuhi, mbele ya watu. "Jua likizama taa hazijawaka, gari lichomwe moto, na fundi atiwe mnyororoni na wapagazi. Zikiwaka, arudi kwake."

Mwinjuma aliujua mnyororo ule. Shemeji yake, Mosi, alitiwa wiki iliyopita, akapandishwa mlimani na sanduku la risasi kichwani. Mwanaheri, mke wa Mwinjuma na dada wa Mosi, hakuwa amekula cha maana tangu siku hiyo.

Aliyemfungia bandani ni Luteni Hartwig, mwenye motakaa. Alikuwa mtu mkavu, Kiswahili chake safi, na mguu mmoja ulivunjwa na risasi. Hakuweza kufika hata sokoni bila kusimama njiani kupumzika.

"Anza na glopu," alisema. "Kisha betri. Polepole, kimoja kimoja. Kiti cha dereva usikiguse. Chini yake kuna karatasi zangu za vita."

"Bwana, nikipewa fundi mwenzangu mmoja, tutamaliza kabla ya adhuhuri."

"Hapana. Utafanya peke yako."

Mwinjuma alifungua taa ya kwanza, akatoa glopu, akaigusisha kwenye betri kwa vipande viwili vya waya. Ikawaka. Akaijaribu ya pili. Nayo ikawaka. Basi glopu zilikuwa nzima, na betri ilikuwa na nguvu.

Akazirudisha glopu, akakwangua kutu pale waya ulipofungwa kwenye chuma cha gari. Hazikuwaka. Akaikwepa swichi kwa kuunganisha waya zake kwa msumari. Bado giza. Bati la banda lilikuwa limeshika moto wa jua, na jasho lilimwingia machoni.

"Vipi, fundi?" Rehani, askari wa mlangoni, aliuliza.

"Bado, kaka."

"Luteni ameshauliza mara nne. Nikimwambia bado, anageuka anakwenda zake. Siku hizi hasemi na mtu, tangu bibi yake ajifungue juzi hospitali."

"Na huyo bibi atapanda mlima na kichanga?"

"Atapanda wapi? Wanawake wa Kidachi wote wanabaki. Waingereza watawakuta hapa hapa."

Mwinjuma hakuwa na nafasi moyoni ya kuwahurumia Wadachi. Alirudi kwenye gari, akachuchumaa, akafikiri. Taa mbili hazifi pamoja ila kife kile zinachoshirikiana. Zilishirikiana waya mmoja tu, ule uliotoka kwenye betri kwenda kwenye swichi. Na waya huo ulipita chini ya kiti cha dereva.

Alisikiliza mlangoni. Rehani alikuwa anakohoa mbali kidogo. Akakiinua kiti.

Hapakuwa na karatasi yoyote. Palikuwa na waya uliokatwa kwa kisu, mkato mmoja safi, na ncha zake mbili zimesukumwa nyuma ya ubao zisionekane.

Panya hakati hivyo. Mtu ameukata, na katika mji mzima mtu aliyejulikana kwa kushika waya za gari lile alikuwa mmoja. Akisema alichokiona, atakuwa ametaja jina lake mwenyewe, na kwa kosa hilo Wadachi hawakutia mtu mnyororoni. Walinyonga.

Akazisokota ncha pamoja, akazifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakirudisha kiti kama kilivyokuwa. Akageuza swichi. Mwanga ukapiga ukuta wa bati.

Jua lilikuwa halijagusa mlima alipogonga mlango. Kapteni alikuja, akaziangalia taa, akacheka.

"Safi. Huyu tunakwenda naye. Zikizimika njiani, nani atazitengeneza?"

"Bwana mkubwa, ulisema nirudi kwangu."

"Utarudi. Vita ikiisha." Akatoka kwenda kuamrisha mizigo ipakiwe.

Luteni alibaki. Alisimama mbele ya taa, mwanga ukimpiga usoni, wala hakupepesa. Kisha akaenda akichechemea mpaka kwenye mlango wa dereva, akakiinua kiti, akakitazama kile kipande cha mpira kwa muda mrefu.

Mwinjuma akamsogelea. "Bwana, wallahi si mimi niliyeukata."

"Najua si wewe." Luteni akakirudisha kiti. "Mwanangu ana siku tatu, fundi. Bila gari, na mguu huu, wangeniacha hapa. Nilitaka Waingereza wanikute naye."