Cherehani ya Bi Mosi

Jumamosi hiyo Salha alikuwa amezunguka miji midogo mitatu akitafuta vitu vya kale. Katika duka la mwisho akaiona cherehani ya mama yake, mpini wake ungali umezungushiwa kitambaa alichokifunga yeye mwenyewe utotoni.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya Bi Mosi. Alihamia hapa uzeeni, akafa mwaka jana," muuzaji akasema. "Mwenyewe alisema hana mtoto."

Salha hakuwa na habari ya msiba huo. Miaka kumi na miwili walikuwa hawasemezani. Akangoja machozi, hayakuja.

"Ulimfahamu, dada?"

"Hapana."

Akaketi, akaweka pindo la mtandio wake chini ya sindano isiyo na uzi, akazungusha mpini. Matundu madogo yakajipanga kwenye kitambaa.