Soksi za Kipa

Mtaa mzima hakuna aliyejua mpira kama bibi yake Kipa. Kusema kweli, hakuwahi kuona mechi hata moja, ila soksi za mjukuu wake alizifua yeye, na kwa majirani hiyo ilitosha.

Jioni ya fainali ya shule, mjukuu huyo wa kike aliingia uani akampa soksi zilizojaa tope.

"Tumeshinda, bibi! Nimeruka kama paka!"

"Na jezi iko wapi?"

"Mwalimu amezikusanya zote."

Bibi akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. "Si niliwaambia? Damu yangu hiyo!"

Akazitia soksi kwenye beseni. Zilikuwa bado zimeviringishwa, moja imemeza nyingine, vilevile alivyozikunja asubuhi. Akazikunjua taratibu. Tope lilikuwa nje tu. Ndani zilikuwa nyeupe pe, zinanukia sabuni.

Jirani alikuwa bado anachungulia. Bibi akazizamisha haraka ndani ya povu.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, "uliruka umevaa nini?"

Kipa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Hizo hizo, bibi," alisema, na kidevu kikaanza kumtetemeka.