Vilemba Vitatu

Alikata kitunguu, akakisogeza machoni mpaka machozi yakamtoka, akapanua mdomo, akajipiga picha. Akavua kilemba cha kijani, akafunga chekundu, akalia upya. Mara ya tatu alifunga cheupe. Kufikia hapo hakuhitaji kitunguu tena.

Tangu amzike mumewe, uso wake ulikuwa kichekesho cha mji. Mtu alimpiga picha akiomboleza chumbani, mdomo wazi, makamasi yakimtiririka, akaigeuza stika ya kutumiana kwenye simu. Sasa timu ikifungwa, hutumwa yeye. Umeme ukikatika, yeye. Juzi muuza duka alimtumia stika hiyo yeye mwenyewe, bila kufikiri, kumjulisha kuwa sukari imekwisha.

Chumbani siku ile walikuwa naye watatu tu: shoga yake, wifi yake na mama yake mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alishamjua. Ni wifi, mwenye blogu ya kuwafundisha wanawake kuishi na waume, mtu wa kupiga picha hata chai kabla hajainywa. Kilichobaki ni ushahidi.

Picha ya kijani akamtumia shoga. Nyekundu, wifi. Nyeupe akamtumia mama, yule wa kumtumia maua na dua kila asubuhi, ili tu mtego uwe wa haki. Wote aliwaandikia maneno yaleyale: "Leo nimezidiwa. Usimwonyeshe mtu."

Kisha akaandaa silaha yake, video aliyoirekodi kwa siri kwenye upenyo wa mlango: wifi, mshauri wa ndoa, amepiga magoti, ameng'ang'ania suruali ya mumewe asiondoke. Kidole kilimwasha.

Alasiri shoga alipiga simu. "Mwenzangu, wamekutoa stika tena! Hebu fungua kundi la mtaa."

Hakuuliza rangi. Alikata simu, akaiachia video kwenye kila kundi alilokuwamo, na chini yake akaandika: "Mwalimu wenu wa ndoa huyu hapa."

Kufumba na kufumbua, ilikuwa ikisambazwa na watu asiowajua hata kwa sura. Wengine walikwisha kumkata wifi kichwa na magoti, wakapata stika. Roho ikamtulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema peke yake, akicheka. "Na yeye aonje."

Ndipo ukaingia ujumbe wa wifi, ulioandikwa mchana na kucheleweshwa na mtandao: "Wifi yangu, ile picha nimeifuta, isije ikaangukia kwa wenye midomo. Usilie peke yako. Niko njiani, leo nalala kwako."

"Mnafiki mkubwa," alisema, akafungua kundi la mtaa.

Stika mpya ilizungukazunguka, mtandao ukiwa mzito, kisha ikafunguka.

Kilemba kilikuwa cheupe.